Picha Niliyoifuta

Kundi letu la wasapu la akina mama nililianzisha mwenyewe, hapa Amu, kisiwani Lamu, nilipojifungua binti yangu wa pili na kukosa wa kumuuliza mambo. Tulianza watu wanane, majirani watupu. Baadaye wakaingia wa Pate na Siyu, na wake wa walimu na askari waliotoka bara. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi, na nilijivunia.

Kisha tukaitwa barazani. Afisa mmoja akasema picha za uchi zimezagaa kwenye simu, na kundi likikutwa na uchafu, wa kwanza kushikwa ni msimamizi. Sheria yenyewe hakutusomea. Mume wangu akaniambia, "Hilo kundi lako, liangalie." Nikaandika kanuni, na ya kwanza ilikuwa hii: hakuna kutuma picha ya mwili wa mtu.

Jumatano moja baada ya swala ya alasiri nilikuwa nakuna nazi, simu ikalia. Titi la mwanamke, jekundu, limevimba hadi ngozi inang'aa. Chini yake pameandikwa: "Mtoto ana siku ishirini. Hapa pana moto, nami natetemeka kwa homa. Nifanyeje?" Aliyetuma alikuwa mama wa Siyu ambaye sikuwahi kuonana naye.

Sikusoma mara mbili. Niliifuta picha, nikamtoa kundini, nikaandika: "Tuheshimiane. Hapa si mahali pa uchafu." Nikarudi kwenye nazi yangu, roho imetulia.

Kesho yake asubuhi akanipigia mkunga mmoja mstaafu, naye mwanakundi. Ndiye aliyenizalisha watoto wangu wote wawili.

"Mwanangu, ile picha ya jana uliiona?"

"Nimeshaifuta, Bi."

"Sikukuuliza kufuta. Uliona nini?"

"Titi, Bi. Jekundu, limevimba."

"Lile ni jipu linataka kutunga. Akiachwa hivyo atapasuliwa, au homa imuondoe. Umemfukuza mgonjwa kama mwizi!"

Nilimpigia yule mama. Simu imezimwa. Nikapiga adhuhuri, nikapiga baada ya isha. Imezimwa. Chakula hakikupita. Mume wangu, yule yule aliyenionya, akasema, "Nenda Siyu. Watoto nitabaki nao."

Nilipanda boti ya asubuhi hadi Pate, kutoka hapo nikashika njia ya miguu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuomba radhi, halafu najikuta natunga ya rambirambi, naomba Mungu anisamehe kwa kuyatunga.

Nyumba nilielekezwa na mwanamke aliyekuwa akianika nguo. Mama mkwe wa yule mgonjwa akanifungulia, akanikaribisha ndani bila kuniuliza natoka kwa nani. Yule mama alikuwa amekaa juu ya mkeka, uso umemsinyaa, mtoto ananyonya.

Nikasema, "Mimi ndiye msimamizi wa lile kundi."

Akanitazama tangu utosini hadi miguuni. "Kumbe ndiwe. Uliponitoa nilijiona kama nimezini. Nilizima simu kwa haya, nikajifunika leso, hata mume wangu sikumwambia."

"Nami nikamkuta anatetemeka," mama mkwe akadakia. "Nikamvuta hadi zahanati usiku ule ule. Wamempa dawa, wamemwambia mtoto aendelee kunyonya. Homa imeshuka, alhamdulillahi."

Nikakaa chini, nikalia kwa sauti kama niliyefiwa, ilhali tangu niwe mtu mzima sijapata kufurahi vile.

Yule mama akaanza kucheka. "Sasa walia nini, na titi ni langu?"

Nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, ila lile neno "uchafu" nililiandika mbele ya watu, basi nilifute mbele ya watu. Nikatoa simu, naye akachungulia begani kwangu nikiandika: "Nilikosea. Ile haikuwa picha chafu, ilikuwa picha ya maradhi. Mwenzetu anaendelea vizuri." Picha chafu za kweli huletwa kundini hata leo, na ninazifuta, lakini sasa nasoma kwanza mtu anataka nini.

Siku ile nikamrudisha yule mama kundini pale pale. Mama mkwe akaleta wali na samaki wa kukaanga, nikala sahani nzima, akaniongeza, nikala tena.