Albamu Yetu ya Kusini Zaidi

Binti yangu alikuwa amejilaza kitandani kwake, visikizio masikioni, anacheka peke yake. Mimi nilikuwa kwenye cherehani nakunja pindo la suruali ya mteja. Chumba chetu hapa Bellevue ni kimoja tu, kipande cha nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba vya kupangisha, na katikati tumetundika pazia: upande huu kazi yangu na godoro langu, upande ule ufalme wake. Nikamuuliza anacheka nini. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba anasikiliza rapu ya Kusini.

Nikafurahi. Kwetu Tanga ukisema fulani yuko Kusini, kila mtu anajua yuko huku kusini ya Afrika, anatafuta maisha. Nikadhani ni vijana wa mitaa hii, nikamwambia kumbe na sisi tumo. Akafunua pazia, akanitazama kwa huruma. Kusini ya Marekani, Baba, akasema.

Hata hivyo nikataka kujua kinachochekesha. Ilikuwa albamu nzima ya mzaha, na akanitafsiria nyimbo mbili anazozipenda kwa Kiingereza chepesi cha kumwonea mzee huruma. Katika wimbo mmoja jamaa anajisifia gari lake, viti vya ngozi, muziki mnene, rangi ya dhahabu, kasoro ni moja tu: halirudi nyuma. Kwa hiyo akiipita nyumba yake kidogo tu inabidi azunguke mtaa mzima upya, na majirani wanampungia mkono kila akipita. Katika mwingine mtu anagombana na shangazi yake msibani kwa sababu ya kipande cha mwisho cha kuku, wote wawili wanalia, na waombolezaji wanadhani wanamlilia marehemu. Nilicheka mpaka nikaacha kukanyaga cherehani.

Nikamwambia mambo kama haya kwa Kiswahili yangenoga zaidi.

"Kiswahili hakichekeshi, Baba," akasema, bado kwa Kiingereza. "Kiswahili ni cha kugombeza na kusali." Akarudisha pazia.

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo aliponiumiza. Mtoto amezaliwa huku, anasikia kila neno ninalosema, lakini kunijibu hanijibu ila kwa Kiingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu. Mama yake alikuwa amerudi Tanga kumuuguza mkwe wangu, na akipiga simu, dakika haiishi mtoto ameshaimaliza kwa "shapu, Mama," neno la huku la sawa na kwaheri. Haya nilikuwa nimeyavumilia. Lakini kuambiwa Kiswahili hakichekeshi! Mimi nimezaliwa katika mtaa ambao mtu akianguka kwenye tope, kabla hajainuka ameshapewa jina jipya, na jina hilo atazikwa nalo. Nikaapa palepale, nikiwa na sindano mdomoni: huyu nitamchekesha kwa Kiswahili, na atanijibu kwa Kiswahili.

Chumba cha pili kinakaliwa na Mkongo mmoja wa Bukavu na mkewe. Mume ni mlinzi katika jengo la ofisi kule Marshalltown, mke ni msusi. Mume ana kinanda kidogo cha kwayani na sauti ya kumtoa mtu machozi. Ananiita yaya, maana kwao yaya ni kaka mkubwa. Mara ya kwanza niliposikia nilinuna wiki nzima, kwa sababu kwetu yaya ni mlea watoto wa watu. Nikamgongea mlango, nikamweleza: tutoe albamu ya rapu, ya kuchekesha, ya Kiswahili.

"Yaya, kuchekesha iko kazi," akasema, kisha akachomeka "lakini" ya Kifaransa. "Mais tutajaribu."

Jina nilikuwa nalo tayari. Kama Wamarekani wale ni wa Kusini, sisi tuko chini yao ramani nzima. Albamu yetu ikaitwa Kusini Zaidi.

Studio ilikuwa chini ya blanketi langu, katikati ya majora ya vitambaa, na kinasa sauti ni simu. Mdundo aliutoa yeye kwenye kinanda, nami nikaongeza cherehani, kwa kuwa yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, na ukiikanyaga kwa kuvizia inatoa mlio ambao kompyuta haina.

Wimbo wa kwanza uliitwa "Roboti." Hapa taa za barabarani zinaitwa roboti, nami nikaimba habari za mgeni aliyeelekezwa akate kona kwenye roboti, akashinda mjini anatafuta mtu wa chuma. Nilimchezea binti yangu huku nikimchungulia usoni. Akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Akaniambia kichekesho hicho kimenizidi umri.

Wa pili ni "Sasa Hivi." Watu wa hapa wakikwambia wanakuja sasa hivi, wana maana wanakuja siku moja. Katika wimbo fundi bomba ananiambia sasa hivi nikiwa nimejifunga taulo na sabuni kichwani, na ubeti wa mwisho sabuni imekauka, nimeota ndevu. Hapo pembe ya mdomo wa binti yangu ilitikisika kidogo. Nikaihesabu kama bao la kuotea.

Wa tatu, "Shapu," ulikuwa wa jirani peke yake, na mpaka leo wako wanaosema ndio bora katika albamu nzima. Wakubwa wanaoingia pale getini kwake humwambia shapu bila kumtazama, naye hujibu shapu. Wimbo mzima una neno hilo moja tu, ila kila mara analisema kivingine: shapu ya asubuhi, shapu ya njaa, shapu ya kumwambia bosi akome bila bosi kujua. Mimi nilikuwa hoi. Binti yangu alipoulizwa anauonaje, akasema, "Shapu." Sikujua nimpige au nimkumbatie.

Nilianza kukata tamaa, na nikikata tamaa nakuwa mkali. Niligombana na wateja wawili kwa sababu ya vifungo. Jirani akanipigia simu kutoka kazini, akasema yaya, tufanye wimbo wa bibi, hiyo haiwezi kukosa. Nikaona amesema kweli, nani hana bibi wa kuchekesha? Zamu zake zilikuwa zimebadilika, hatukuonana, kwa hiyo tukagawana: yeye arekodi kiitikio chumbani kwake anitumie, mimi nitie mashairi, tuunganishe. Nilipopokea kiitikio chake nilisikiliza mdundo tu, nikaona ni mtamu, nikafanya haraka kuingiza ubeti wangu kabla wazo halijapoa.

Jumapili mchana tukakaa uani kuusikiliza. Mke wa jirani alikuwa ametoka kanisani, ameketi kwenye kiti kifupi, anamsuka binti yangu aliyekaa chini katikati ya magoti yake. Wale wawili kwa kawaida walisemezana kwa vichwa na mikono tu, maana mama yule hana Kiingereza. Nikaweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa ili ipige kwa sauti.

Kikaanza kiitikio, sauti ya jirani laini kabisa:

*Bibi yangu iko muzuri, nikimuona nasahau njala,*
*bibi yangu, kuya karibu, weka kichwa ku kifua changu.*

Mkewe akainamisha uso kwa haya, akatabasamu. Ikaingia sauti yangu:

*Bibi hana jino hata la dawa,*
*akicheka unaona mpaka chakula cha jana.*
*Ugoro puani, bakora mkononi,*
*akipiga chafya kuku wanahama mtaani.*

Kisha jirani tena, kwa mapenzi yote: *bibi yangu, kuya karibu.*

Mikono ya yule mama ilisimama. Alikuwa amekamata fungu la nywele za binti yangu, na kitana kilikuwa hewani.

"Njo miye huyu?" akamuuliza mumewe polepole. "Miye sina meno?"

Jirani akaninyooshea kidole upesi kuliko nilivyotarajia kwa rafiki. "Sheri, mpenzi, ile si mimi. Ile iko yaya."

"Shemeji, tulia," nikamwambia. "Mimi nimemwimba bibi yangu."

Nikaona nimezidi kuharibu. Akanigeukia kwa uchungu wa kweli. "Bibi yako? Mwanamke wa watu iko Tanga, anauguza mama yake, na wewe huku unamuimba hana meno? Anavuta ugoro? Aksanti sana."

Binti yangu akaangua kicheko. Sijui niseme kicheko au kifafa. Alijirusha mbele, nywele zikabaki mkononi mwa msusi, akarudishwa nyuma, akazidi kucheka, machozi yanamtoka, miguu inapiga sakafu ya uani. Kila alipojaribu kuvuta pumzi, simu ilirudia *kuya karibu*, akaanguka tena. Mama yule, kwa kuudhika, akakaza mkono.

"Tantini, ngoja," akasema binti yangu. "Ngoja, unaniumiza. Sikiliza kwanza."

Tantini ndivyo watoto wa Kikongo wanavyomwita shangazi. Lakini mimi sikusikia hilo. Nilisikia ngoja, unaniumiza, sikiliza kwanza.

"Kwa Baba, bibi ni mama ya mama," akaendelea, bado anahema. "Kwa Anko, bibi ni wewe. Ni mke. Baba ameimba mzee wake, Anko ameimba wewe. Hawakuulizana. Sasa Anko anamtongoza bibi ya Baba, na bibi mwenyewe hana meno."

Sisi wanaume wawili tukatazamana. Miaka yote tunakaa ukuta mmoja, namwambia nisalimie mkeo, ananiambia nisalimie bibi, mimi nikidhani ni adabu ya Kikongo kumkumbuka nyanya yangu. Niliwahi hata kumjibu kwamba alishafariki, akanipa pole kwa mshangao na kuniuliza yule anayepika ndani ni nani. Nilidhani Kifaransa kimemchanganya.

Mama yule alichelewa kucheka. Kwanza alitufungulia mdomo wote, akatuonyesha meno yake, ya juu na ya chini, tukayakubali. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alipomaliza kujifuta macho, akatupa amri kwamba tusibadilishe hata neno. Ngeli za binti yangu zilikuwa zimevunjika miguu yote, na neno "anamtongoza" sikumfundisha mimi. Sikusahihisha chochote. Niliingia ndani nikajifanya natafuta mkasi, kwa sababu sikutaka anione ninavyofurahi.

Wimbo ukatoka. Nilimtumia mtu mmoja wa Tanga, jirani akamtumia mmoja wa kwaya, na baada ya hapo haukuwa wetu tena. Nilipita Marshalltown kununua zipu nikamsikia muuza mikanda anauimba huku anapanga bidhaa. Wateja walianza kuniletea suruali ambazo hazina ubovu wowote, wapate tu kuuliza habari za bibi. Mke wangu alipiga simu kutoka Tanga, akauliza ni bibi gani huyo anayeambiwa aweke kichwa kifuani huku, na binti yangu akachukua simu akamweleza kisa chote, akitafuta maneno, akiyapata, akiyakosa, mpaka nikasikia mama yake anapiga kelele za kicheko upande wa pili.

Mwishowe tukaitwa kutumbuiza harusini, katika ukumbi mmoja Bertrams, bwana harusi wa Unguja, bibi harusi wa Goma. Upande mmoja kanzu na buibui, upande mwingine suti na vitenge. Tulipofika kwenye kiitikio, Watanzania wakavunjika mbavu. Nilipotia ubeti wangu, Wakongo wakasimama kwenye viti. Halafu kila upande ukaanza kuuelezea upande wa pili kwa nini unacheka, meza kwa meza, tukalazimika kusimamisha muziki tungoje. Tuliurudia. Wakataka tena.

Binti yangu alikuwa amekuja kwa ajili ya pilau, alishatangaza hivyo toka nyumbani. Nikamwona anafuta mikono, anapita katikati ya meza, anapanda jukwaani. Akasimama mbele yangu akanyoosha mkono.

"Baba, nipishe," akasema.

Nikampa maikrofoni. Jirani akashika kinanda. Mtoto akafumba macho kidogo, na mimi nikamhofia, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa wa watu wenye lugha yao na yeye alikuwa na ile yake ya kuokoteza. Kisha akafungua kinywa:

*Baba yangu anashona suruali ya watu,*
*lakini yake nyuma iko na matundu.*

Ukumbi ukalipuka, kanzu na suti pamoja. Nikapeleka mkono nyuma mbele za watu wote. Yalikuwepo kweli, mawili, na aliyecheka kwa nguvu kuliko wote mle ndani ni mimi.