Maji ya Matembele Yanawaka Mekundu

Ninafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Mudzipela. Maabara hatuna. Tuna ubao, chaki, na matembele yanayojiotea nyuma ya darasa. Mwaka huu, tulipofika kwenye safari ya elektroni ndani ya jani, nilichoka kuchora mishale. Nilitaka wanafunzi waone kitu.

Nilikuwa nimesoma kwamba ukiponda majani mabichi, ukayaloweka katika alkoli na kuyachuja, yale maji ya kijani ukiyamulika kwa taa ya zambarau yanawaka mekundu. Alkoli nilipata famasi. Taa ilikuwa kwa jirani yangu, mama wa kutoka Butembo anayeuza vikwembe, yaani vitenge. Hutumia taa ndogo ya zambarau kutazama kama dola ni za kweli.

"Taa yangu haitembeake yenyewe," akaniambia. "Ikienda, na miye naenda."

Akafunga duka, tukaenda.

Darasani tuliziba madirisha kwa vikwembe vyake. Sikuwahi kulijaribu jambo lenyewe. Mama akawasha taa. Chupa ikawaka nyekundu kama damu! Wanafunzi wakapiga kelele, na mama akawashinda wote.

"Mwalimu, umetia nini humu?"

"Matembele tu, mama."

Hakuniamini. Akachukua jani zima, akalimulika. Halikuwaka.

"Na hii mbona inakataa?"

Kabla sijafungua mdomo, msichana wa dawati la mbele alisimama, akawavuta wenzake wakapanga mstari. Akashika kipande cha chaki.

"Mama, miye niko klorofili. Hii chaki iko elektroni. Mwanga inanipiga, elektroni inaruka, namupatia huyu, naye anamupatia mwenzake."

Chaki ikapita mkono kwa mkono. Katikati ya mstari, mwanafunzi mwingine akaruka juu: yeye pia alikuwa klorofili, mwanga umeipa elektroni nguvu mara ya pili. Wa mwisho akaipokea, akasema sasa itasaidia kutengeneza sukari.

"Na weye wa kwanza unabakia mikono mitupu?" mama akauliza.

"Hapana. Jani inapasua maji, inanipatia elektroni ingine. Oksijeni ya ile maji inatoka inje, ndiyo tunapumua."

"Na ile ya kuponda?"

"Mwalimu aliponda, mustari ikavunjika. Elektroni inaruka, haioni wa kuipokea, inarudia pale pale. Nguvu yake inatoka, ndiyo ile nyekundu unaona."

Mama akacheka, akaomba nafasi kwenye mstari. Ndipo prefe, mkuu wetu wa shule, alipofungua mlango. Kelele zilikuwa zimemfikia ofisini. Akakuta giza, vikwembe madirishani, na mfanyabiashara akiwa katikati ya wanafunzi wangu.

"Mwalimu, hii ni somo ao ni soko?"

Mama akamnyooshea chaki.

"Papa prefe, pokea elektroni. Usiturudishe nyuma."

Akaipokea, nadhani kwa mshangao tu. Kisha akainama juu ya chupa, akamwomba mama awashe tena, na akautazama ule wekundu.

Wiki iliyofuata tulirudia kwa madarasa mengine, kwa amri yake. Mama alikuja kila mara, na maswali aliuliza yeye. Ambaye hakujua kujibu aliambiwa asimame kwenye mstari, apokee, apitishe, mpaka aelewe. Mimi nilisimama kando ya mlango nikiwasikiliza, na sikuchora hata mshale mmoja.