Wino wa Mzee wa Marungu

Anayeuliza kama agizo la serikali la kubana matumizi limefika mashinani, na apange foleni ya vibali vya kusafirisha mifugo hapa Voi, kama nilivyofanya Jumanne.

Mbele yangu mama wa Kishushe alikuwa na mbuzi wanne wa kupeleka mnadani. Karani aliupumulia muhuri kama anayesafisha miwani, akaukandamiza kwa mikono miwili. Karatasi ikabaki nyeupe.

"Wino umeondolewa kwenye bajeti, mama. Polisi wakikusimamisha, waambie waiinue juani, wataona alama."

"Mara ya mwisho waliinua," mama akajibu taratibu. "Mbuzi walirudi nyumbani."

Mzee mmoja wa Marungu akatoa mfukoni kikebe cha wino, akakiweka kwenye kaunta. Karani akagonga kibali cha mzee, cha mama, na changu cha ndama. Kisha mzee akafunika kikebe, akakirudisha mfukoni, akasema gari lake linaondoka.

"Mzee wangu," karani akauliza kwa heshima zote, "utarudi lini?"

"Alhamisi, Mungu akipenda."

Karani akawageukia waliobaki kwenye foleni.

"Basi mrudi Alhamisi. Siku hiyo tuko kazini."