Sato wa Kwaya na Somo la Fuwele

Mwanafunzi wa kidato cha pili ndiye aliyeniponza. Aliniuliza kwa nini punje za chumvi zina pembe kama viboksi, nami, mwalimu wa kemia mzima, nikamjibu kwamba ndivyo Mungu alivyoziumba. Darasa likacheka. Siku hiyo hiyo, nyumbani Nyasura, nikatafuta kwenye simu mihadhara ya bure ya chuo kikuu kuhusu fuwele, yaani vitu ambavyo chembe zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia.

Sijaona mtu wa kuudhi kama yule profesa. Mzee wa nchi za mbali, chaki mkononi, mgongo kwa wanafunzi. Kila akifika pagumu anasema, "Kama mnavyoona wazi." Wazi wapi! Mimi nilikuwa naona mishale na vijiherufi, kisha mtandao unakata na picha inaganda, mzee kaachama. Somo la tatu nililirudia mara sita.

Jumamosi nilikuwa naenda Musoma kwa baba. Yeye ni fundi cherehani, ana kibanda chake pale Kitaji, na nilizoea kusikiliza masomo yangu humo huku akishona. Lakini hilo silo lililonipeleka. Dada yangu aliyeolewa Butiama alikuwa ananipigia simu kila siku: "Umempeleka baba hospitali ya macho?" Sikuwa nimempeleka. Baba hataki kusikia. Uzi ukikataa kuingia kwenye tundu la sindano, kosa ni la uzi: "Siku hizi wanauzaga nyuzi za ovyo." Asipouona mstari wa chaki, taa ndiyo mbovu. Nikamletea taa nyingine, nayo kwa siku mbili tu ikawa mbovu. Ningebishana na cherehani lenyewe ningepata jibu la maana zaidi.

Ndipo wakaja akina mama wa kwaya kutoka kijiji cha ufukweni, wake wa wavuvi, wamebeba vitenge vya sare. Kitenge chao kilikuwa cha bluu, kimejaa miraba, na katikati ya kila mraba yuko sato mdogo. Nikamwomba baba nikate mimi. Kukata alinifundisha mwenyewe nilipokuwa msichana, lakini hakuwahi kuniachia kitambaa cha mteja, wala sikuwahi kumsikia akisema nimekata vizuri. Safari hii alinikabidhi mkasi bila neno. Mjinga mimi nikadhani ameheshimu elimu.

Na elimu yenyewe ndiyo hii. Wiki hiyo profesa alikuwa amefundisha kwamba ukiugeuza mpangilio nusu mzunguko, wa juu ukawa chini, na ukaukuta haujabadilika, basi una ulinganifu wa aina fulani. Nikakitazama kitenge, nikakigeuza kichwani mwangu. Miraba ile ile! Kwa mara ya kwanza nilikuwa naona wazi. Maana yake karatasi ya kipimo cha mgongo ningeweza kuilaza juu chini, ibanane na ya kifua, kitambaa kisipotee bure. Nikakata magauni manne kwa furaha.

Nilipotandaza vipande ndipo nikatambua nilichofanya. Miraba haikubadilika, lakini samaki niliwasahau. Kifuani sato walikuwa wakiogelea. Mgongoni wote walikuwa tumbo juu, kama wale wanaookotwa ufukweni wakinuka. Mke gani wa mvuvi atasimama kanisani kabeba samaki mfu mgongoni? Nikamlaani profesa na chaki yake, nikajilaani na mimi, kisha nikangoja baba apige kelele. Kosa kama hilo fundi analiona akiwa ng'ambo ya barabara.

Baba akainama. Akapitisha kiganja kwenye kitambaa, akafuata ukingo wa mkato kwa kidole.

"Umekata vizuri, mama," akasema.

Neno hilo nimelingoja tangu nikiwa darasa la sita. Machozi yakanilenga, na mengi yalikuwa ya hasira.

"Baba, hawa samaki wa mgongoni wako tumbo juu."

"Kwani sijaona? Nilikuwa nakupima tu. Ninyi wasomi msipopimwaga mnajisahau."

Namjua baba yangu. Ningemwacha, angeshikilia hilo hilo mpaka mwisho. Nikachukua kipande cha kifua, kile ambacho sato wake walikuwa wakiogelea vizuri, nikakilaza mbele yake sawasawa, kwenye mwanga wa mlangoni.

"Na hiki, baba?"

Alikiinamia kwa muda mrefu, pua ikakaribia kugusa kitambaa.

"Hiki nacho," akasema, "umekigeuza."