Mtandao Uliozama Kwenye Tangi

Wakati huo baba alikuwa akiwapikia wanajeshi huko Iraki. Shuleni wakiniuliza mzazi wangu anafanya kazi gani, nilijibu kwamba yuko vitani na mwiko mkononi. Darasa lilicheka, nami nilicheka kuliko wote. Kisha Ijumaa moja ya likizo ya Desemba, redio ya mama ikasema kambi fulani imepigwa mabomu wakati wa chakula cha jioni, na kwamba kati ya waliokufa wamo wafanyakazi wa jikoni kutoka Afrika Mashariki. Haikutaja jina la mtu. Haikutaja hata ni kambi gani.

Simu ya baba haikupatikana. Mama alipiga usiku ule, akapiga Jumamosi, yule mwanamke wa kwenye simu akamjibu kwa upole uleule hadi nikatamani kumpiga kofi. Tulichobaki nacho ni Jumapili. Kila Jumapili alasiri baba alitupigia kwa kompyuta, sauti bila picha, kwa sababu simu ya kawaida ingemla mshahara. Kama yuko hai, angepiga. Asipopiga... hapo kila mtu kwetu alitafuta kitu cha kufagia.

Boma letu liko upande wa Katelembo, na lina nyumba mbili zinazotazamana, yetu na ya susu, mama yake baba. Kompyuta, ya mezani na nzito, ilikaa kwa susu. Hiyo ilikuwa amri ya baba: mama yake asalimiwe kwanza, kabla ya mke, kabla ya mtoto, na nyonga ya susu haimruhusu kuvuka ua. Lakini intaneti yenyewe iliingilia kwetu. Antena ilikuwa juu ya paa letu, waya ukashuka hadi dirisha la sebule, ukaingia kwenye kisanduku cheusi chenye masikio mawili. Kisanduku kiliirusha hewani, kompyuta ya susu ikaidaka ng'ambo. Fundi alipotueleza hivyo, susu alimuuliza, kama inapita hapo uani, mbona kuku hawashtuki.

Mvua ilianza Ijumaa hiyohiyo na haikupumzika. Jumapili mama hakwenda kanisani. Hajawahi kukosa kanisa hata akiwa na malaria, kwa hiyo nilijua mambo ni mabaya. Tulipomaliza kula nikawasha kompyuta kwa susu. Pale penye alama ya mtandao palikuwa na msalaba mdogo mwekundu.

"Imekuwa nini?" mama akauliza.

"Inaamka, mama. Hata wewe huamki mara moja."

Siku nyingine ningepata kandambili ya mgongo. Siku hiyo aliendelea tu kuutazama ule msalaba. Kukosa ile kandambili kuliniogopesha kuliko redio.

Nikakimbia kwenye matope hadi kwetu. Taa za kisanduku zote zilikuwa za kijani, hata ile ya kuonyesha kwamba intaneti inaingia. Nikakizima, nikakiwasha. Nikachomoa waya, nikaupuliza kama watu wapulizavyo kila kitu kilichoharibika, nikaurudisha. Nikakimbia kwa susu: msalaba. Nikaandika neno la siri upya, herufi kwa herufi. Msalaba.

"Ni wewe uliishika," mama akasema. "Wewe na vidole vyako."

"Haki ya Mungu, mama, leo sijashika kitu."

Na ilikuwa kweli. Nimewahi kufanya mengi, lakini hilo halikuwa langu.

Susu alikuwa kitandani, shuka hadi kidevuni. Akasema polepole, "Labda amepiga na hakutupata."

Mtandao ukikataa tusingejua lolote. Baba aliyekufa na baba aliyeshindwa kutupata wangenyamaza sawasawa, na sisi tungekaa mbele ya ile kompyuta hadi Jumapili nyingine bila kujua tulie au tusubiri.

Basi nikajilazimisha kufikiri, kazi ambayo walimu wangu watawaambia siifanyi bure. Intaneti inaingia. Kompyuta ni nzima. Kilichoharibika kiko katikati. Na katikati kuna nini? Nikatoka nje. Katikati ya ua kulikuwa na tangi.

Baba alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza, jeusi, la plastiki, refu kunizidi, likawekwa pale mifereji ya mapaa yote mawili inapokutana. Tangu Juni, kabla fundi hajaleta intaneti, lilikuwa tupu. Nililipiga kama ngoma. Nilipanda juu, nikafungua mfuniko, nikaingiza kichwa nikahubiri kwa sauti ya shetani hadi watoto wa jirani wakakimbia. Sasa nikalipiga ngumi, nalo halikulia. Ilikuwa kama kupiga ng'ombe. Maji yalikuwa yakimwagika juu.

Mwalimu wa fizikia aliwahi kutuambia kwamba maji humeza mawimbi ya aina hiyo, ndiyo maana kuna oveni zinazopasha supu bila moto. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimesimamishwa mbele ya darasa kwa makosa mengine. Tangi tupu lilikuwa likiyapitisha. Tangi lililojaa lilikuwa likiyanywa.

"Mama, ni tangi! Maji yamefunga njia!"

"Sasa tufanye nini?"

"Labda... tufungue koki yaishe."

Nilipokwisha kusema nikarudi nyuma. Kwetu hakuna mtu anayemwaga maji. Tangu Juni tulikuwa tukinunua ya kuletwa na punda. Maji aliyoogea mtu yalipiga deki, kisha yakamwagwa kwenye ndizi. Mama aliwahi kunichapa kwa kusukutua mdomo na kikombe kizima. Nikangoja anitukane.

Akavuka ua bila mwavuli, akainama, akafungua koki.

Maji yakaanza kukimbilia kwenye matope, maji masafi, na mama akayatazama yakienda. Sijawahi kuogopa namna hiyo. Kama mama amefika mahali pa kumwaga maji, basi moyoni alikuwa ameshamzika baba nusu.

"Funga, mama! Haliwezi kuisha leo. Niko na njia ingine. Wewe kaa kwa kompyuta."

Nyuma ya kabati la sebule fundi alikuwa ameacha waya wa akiba, umeviringishwa. Nikaukunjua, nikauunganisha na ule wa antena, nikachukua ekstensheni ya stima, nikakitoa kisanduku hadi mwisho kabisa wa veranda, pale unapoliona dirisha la susu ukilipita tangi ubavuni. Nikavaa gamboti, nikapanda juu ya kigoda, mkono mmoja mwavuli, mwingine kisanduku juu ya kichwa. Ngurumo ikapiga upande wa Kyumbi. Nikamwambia Mungu kwamba akitaka kunichoma na stima, angoje kidogo.

"Imekuja!" mama akapiga kelele kutoka dirishani. "Imeenda! Rudisha! Hapo! Usipumue!"

Sikupumua. Mvua juu ya mabati haikuniruhusu kusikia chochote, niliona tu mgongo wa mama mbele ya kompyuta. Ukakaa vile muda mrefu. Kisha ukainama ghafla, na mama akapiga yowe.

Sikujua ni yowe la namna gani. Nilitaka kutupa kila kitu nikimbie, lakini nikiondoka simu ingekatika.

"Ni nani? Mama! Ni baba ama ni watu wa kazi yake?"

Aliyetokea mlangoni ni susu, kwa miguu yake, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Anauliza kama tumekula!" akaita.

Nikacheka hadi kigoda kikayumba, na machozi yakaingia mdomoni.

"Amechomeka mkono na moto, lakini uko! Kuja umsalimie!"

"Siwezi, susu! Nikishuka hapa anapotea! Mwambie mimi ndiyo antena!"

Susu akaingia kumwambia. Sikusikia alichojibu baba. Niliona mabega ya mama yakitikisika, nikahamishia kisanduku mkono mwingine, polepole, mkono wa kwanza ukiwa umekufa ganzi. Nikapaza sauti kwamba waongee wasiharakishe.

Sikukishusha hadi mama alipovuka ua akanipokonya. Alikuwa amelowa chapachapa.

"Amekata simu mwenyewe," akasema.