Maji ya Kifuniko

Kisima chetu hapa Nyakatuntu kina maji matamu, lakini yana kutu. Shuka jeupe ukilifua nayo mara tatu linageuka rangi ya chai. Chai yenyewe ukiiacha kidogo inaota utando. Sisi tumekulia maji hayo na meno tunayo. Waliokuja kuyakataa ni samaki wa mwanangu.

Huyo ni kitindamimba wangu. Anafanya kazi ofisini Rubwera, na kwake alikuwa na sanduku la kioo lenye samaki sita wekundu, hakuna anayefika urefu wa kidole changu cha mwisho. Si wa kula, ni wa kutazama. Kiangazi kilichopita alipelekwa masomoni miezi mitatu, akakosa wa kumwachia. Dada zake walicheka. Mmoja akamwambia, "Mpelekee mama, atakurudishia mifupa."

Neno hilo lilinifikia. Nikampigia simu kitindamimba wangu.

"Walete. Ukiniachia sita, utakuta sita."

"Mama, wana masharti."

"Na wewe ulikuwa na masharti. Ulikuwa hunyonyi titi la kushoto. Ulikufa?"

Akawaleta kwa gari la kukodi, sanduku amelipakata kama mtoto mgonjwa. Aliniachia madumu mawili ya maji aliyoyaita safi, na karatasi. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, lakini karatasi naisoma nikipewa muda. Ilisema kila wiki nitoe ndoo ndogo ya maji ya zamani, niweke mapya: sehemu mbili za maji safi, sehemu moja ya kisima yaliyotuama. Ya kisima matupu yanawazibia pumzi kwa kutu. Safi matupu nayo yanawadhoofisha, kwa sababu hayana kitu ndani. Niliikubali karatasi hiyo. Hata mtu humlishi chumvi tupu wala humnyimi chumvi kabisa.

Kitu ambacho karatasi haikusema ni nifanye nini madumu yakiisha. Yaliisha wiki ya nne. Mvua hakuna, bati kavu, linalialia kwa jua. Nikapiga simu.

"Hayo maji safi yanatengenezwaje?"

"Yanachemshwa, mama. Mvuke unapozwa, unarudi kuwa maji. Kutu inabaki chini. Lakini usijisumbue, nitamtuma mtu akuletee."

"Mtu gani?"

Akasema atatafuta. Mtu hakuwepo.

Sasa, mvuke unaopozwa. Nani hapa wilayani Kyerwa asiyeijua kazi hiyo? Hatuitaji kanisani, basi. Jirani yangu, mama wa rika langu, amesomesha watoto kwa kazi hiyo. Rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, inakaa ndani ya pipa, moto chini, bomba la shaba linapita kwenye maji baridi, na upande wa pili inadondoka gongo. Mimi ni mzee wa kanisa. Miaka yote nimepita mbele ya kibanja chake cha migomba nikitazama mbele.

Siku ile nilikata kona.

"Karibu, dada," alisema. "Umepotea njia?"

"Nimekuja kuazima bomba."

"La nini?"

"La maji."

Alicheka mpaka akashika mgomba. "Dada yangu, wote husema la maji."

Alinipa hata hivyo, limefungwa ndani ya jani la mgomba. Nililiosha kwa majivu na maji ya moto mara nne. Nikapika maji ya kisima mchana kutwa. Maji yalitoka yanang'aa, ukitazama kikombe hujui kama kina kitu. Niliyaonja, nikaridhika. Nikachanganya kama karatasi ilivyosema, nikawawekea.

Asubuhi mmoja alikuwa anaelea, tumbo juu. Watano waliobaki wameegama kona moja, wanahema.

Nilikaa kwenye kigoda. Nimezika watu, siwezi kumlilia samaki. Lakini neno langu lilikuwa sita, na sasa walikuwa watano, na kwa jinsi walivyokuwa wanahema, jioni pengine ningebaki na kioo tu. Nilisikia lile neno la mifupa kana kwamba linasemwa pale pale mlangoni.

Aliyekuwa mlangoni alikuwa mwenyekiti wa kitongoji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Macho yake yalikuwa jikoni, kwenye bomba ambalo sikuwa nimelichomoa. "Watu wanasema jana moshi ulitoka hapa mchana kutwa."

"Nilikuwa napika."

"Ulipika nini?"

"Maji."

"Bibi, hata wewe?"

Sikubishana. Nilichota kikombe kutoka kwenye ndoo ya maji yaliyobaki, nikampa. "Onja."

Alionja. Akaonja tena, akayazungusha mdomoni kama mtu anayetafuta jina la ndugu aliyemsahau.

"Ni maji," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini yamepita kwenye bomba la jirani yako."

"Umejuaje?"

"Ile harufu yake. Inabaki huku kooni."

"Mimi nimekunywa, sikuisikia."

Alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Mwenyekiti, ulimi wako umesomea wapi?"

Aliweka kikombe chini polepole, akasema ana kikao Rubwera. Sikumsindikiza. Alikuwa ameshanipa jibu, kwa kuwa ulimi wa mzee wa kanisa haukuweza kulipata. Majivu yalikuwa yameosha shaba kwa nje, lakini gongo ya miaka yote hiyo ilikuwa imekaa ndani. Nilimwaga ndoo yote. Nikawatoa samaki kwa bakuli, nikamwaga na ya kwenye kioo, nikawawekea ya kisima yaliyotuama na kuchujwa kwa kitambaa. Nilijua hayatawafaa siku nyingi. Bomba nikalirudisha, tena mchana, kwa mlango wa mbele.

Mchana huo nilipika ebitoke, ndizi zetu za kupika. Nilipofunua sufuria, maji ya moto yalinidondokea mguuni kutoka kwenye kifuniko. Nimeungua hivyo tangu nikiwa msichana, na kila mara nimekilaani kifuniko. Siku ile nilikishika nikakitazama.

Nina sufuria moja kubwa ya kuchemshia maji tu, haijawahi kuona kitunguu. Niliweka jiwe safi katikati, juu ya jiwe bakuli, kando maji ya kisima yasiyofika mdomo wa bakuli. Kifuniko nikakigeuza, kishikio kiangalie chini. Juu yake nikamwaga maji baridi. Moto mdogo. Mvuke ukipanda unakutana na baridi, unakusanyika, unateremka hadi kwenye kishikio, unadondoka bakulini. Maji ya juu yakipata moto unayabadilisha. Hufunui. Ukifunua umewapikia majirani.

Hadi jioni nilipata nusu bakuli. Nilirudia kesho yake, na keshokutwa, nikayaweka kwenye dumu jipya. Kabla ya kuwapa samaki niliyachanganya na ya kisima kama karatasi ilivyosema, nikayamimina ndoo hadi ndoo, kwa sababu maji yaliyopikwa yamelala, lazima uyaamshe yashike hewa. Wiki ilipoisha wale watano walikuwa wanazunguka kioo chote na kugombania chakula kama watu wazima msibani.

Mwenyekiti hupita njia. "Bibi, umepika leo?" "Nimepika. Utaonja?" Anasema ana haraka.

Mwanangu alirudi mvua za kwanza hazijaanza. Hakukaa hata. Alisimama mbele ya kioo, midomo yake ikihesabu.

"Watano, mama."

"Watano. Mmoja nimemuua mimi, kwa bomba la gongo. Nimemzika kwenye shina la kahawa."

"Bomba la nini?"

Nikamweleza yote, sikuficha. Alisikiliza huku kidole chake kinapita juu ya kioo, pale maji yanapoishia. Kwake Rubwera, alisema, pale hubaki mstari wa kutu, na yeye husugua kila wiki. Hapa haukuwepo.

"Hiki umekisugua na nini?"

"Sijakisugua."

Nilimletea kopo nililokuwa nimeweka unga mwekundu niliokwangua chini ya sufuria, wa wiki zote zile. Alilitazama muda mrefu. Halafu akavua viatu vyake vya ofisini, akavuta kigoda karibu na mafiga.

"Nionyeshe."

Nilipanga mawe, bakuli, kifuniko. Baada ya muda mfupi mkono wake ukaenda kwenye kifuniko.

"Rudisha."

"Nilitaka kuona kama yameanza kudondoka."

"Ukitaka kuona, hupati maji. Kaa."

Akakaa.