Pole ya Shangazi kwa Wenye Ngome

Kaka yangu anakaa Thornton Heath, mimi Wembley, na kwa miaka sita nimevuka London nzima kumpelekea karatasi ileile. Nyumba ya mawe na chokaa aliyotuachia baba huko Unguja imeanguka ukuta wa mbele. Fundi hataki kuigusa bila ridhaa ya warithi, na warithi ni sisi wawili. Shangazi yetu anayeiangalia kahamia jikoni, uani. Mimi nilishatia saini zamani. Kaka kila nikienda: "Niachie, nitaisoma."

Msimu huu wa joto akanialika holidei na familia yake, milima ya Alpi. Tukapanda saa nzima kwenda kuona magofu ya ngome ya kale. Magoti yananiuma, na bwana mkubwa yuko mbele anasifia.

"Tazama wenzetu wanavyotunza! Umebaki ukuta mmoja tu, lakini wameuegemeza kwa vyuma. Sisi watu wa ovyo kabisa."

Nilimkodolea macho. Yeye, kati ya watu wote, ndiye wa kusema hayo?

Akapiga picha, akazituma kwenye grupu la ukoo. Punde ikaingia sauti ya shangazi, kaka akaifungulia kwa nguvu tusikie sote.

"Poleni wanangu. Jumba kubwa hivyo limewaporomokea wenyewe! Hakuna aliyeumia? Pa kulala wanapo? Wafikishieni pole yangu."

Kaka akacheka mpaka akashika tumbo. Hapo nikapandisha mori. Watalii waligeuka, sikujali.

"Unacheka nini? Anawaulizia pa kulala watu waliokufa zamani, na yeye mwenyewe analala na masufuria kwa ajili yako!"

Binti yake, ambaye Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, akamuuliza kwa nini bibi analala jikoni. Kaka akainamia viatu vyake. Mtoto akauliza tena, kwa sauti zaidi.

Nikaitoa karatasi mkobani. Ndiyo, nilikwenda nayo mpaka huko. Akaiweka juu ya mawe ya wenyewe, akasaini bila kusoma hata mstari mmoja.

"Haya wifi, yameisha, shukuru," mkewe akaniambia.

Sikushukuru. Nilitamani kumpiga kaka yangu kwa mkoba. Miaka sita shangazi kalala kwenye moshi, na kumbe ilikuwa kazi ya nusu dakika.